Jabali la Mwanza na jiwe la matumbawe: maneno yangu kwa wahitimu wa uashi

Mwangaluka! Shikamooni wazazi wangu mliokaa huko nyuma kwenye turubai, mkuu wa chuo na walimu asanteni kwa kuniita, na nyinyi wahitimu, hongereni sana, najua joho linawachoma na jua hili kwa hiyo sitawaweka mpaka jioni. Nimeambiwa niongee kuhusu fursa. Mimi ni mtu wa jiolojia, fursa naijua kupitia mawe tu, kwa hiyo nitaongea mawe.

Mnaona hapa mezani nina mawe mawili. Hili la kijivu lenye vidoa vyeusi nimeliokota asubuhi hii hii nyuma ya nyumba ya mama, mlimani, na hata mngeokota nyie mngepata ndugu yake maana hapa Mwanza ukirusha kiatu kinatua juu ya jabali. Hili la pili la rangi ya maziwa yaliyolala, lenye matundu matundu, nimekuja nalo kutoka Unguja nimelifunga kwenye khanga, ni la kule upande wa Makunduchi kwenye ile ardhi ambayo wenyewe wanaiita maweni. Yote mawili mtayajengea. Baadhi yenu mtabaki hapa ziwani na baadhi mtaenda pwani maana kazi ziko huko, na nataka mkienda muwe mmeshajua kwamba haya si mawe mawili ya rangi tofauti, haya ni vitu viwili ambavyo havijawahi kukutana kabisa, hata kuzaliwa kwao hakufanani.

Niwaambie kwanza kwa nini jambo hili linanikaa moyoni. Nilikuwa na mjomba, mwashi, mikono yake ilijenga nusu ya nyumba za mtaa wetu, mtu wa timazi kweli kweli, ukuta wake ukiupimia unaona aibu wewe mwenye kipimo. Akaitwa pwani akarabati nyumba ya zamani, ile ya kuta nene za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Akafika akakuta lipu ya chokaa imechoka, inamomonyoka ukiigusa, akafanya alichokuwa anakijua toka ujana wake, akaibandua yote akapiga lipu ya simenti, ratio kali, akaisugua mpaka ikawa kama kioo. Mwenye nyumba alifurahi. Masika ya kwanza ikavimba. Masika ya pili vipande vya ukubwa wa sinia vikaanza kudondoka, na kibaya zaidi havikudondoka peke yake, viliondoka na uso wa jiwe lenyewe, nyuma yake kumejaa unga mweupe wa chumvi. Mjomba alirudi Mwanza bila hela yake ya mwisho na mpaka anafariki alikuwa anasema simenti ile ilikuwa feki. Simenti haikuwa feki mjomba wangu. Jiwe ndo hukulijua.

Sasa tuanze na hili la nyumbani. Vitabuni wanaliita itale, mtaani tunasema graniti. Lisogezeni karibu na macho, nyie wa mbele, halafu mpitishe kwa wenzenu. Mnaona vitu vitatu: kuna chembe zinazofanana na kioo chenye moshi, hiyo ni kwatsi, kuna vipande vyeupe au vya pinki vyenye uso bapa unaong'aa ukilizungusha jiwe juani, hiyo ni feldispa, na kuna vigamba vyeusi vinavyobanduka kwa ukucha, huo ni ulanga, maika. Hakuna gundi hapo katikati. Hakuna mchanga, hakuna udongo uliozishika. Kila chembe imeng'atana na jirani yake kama meno ya mamba, na hiyo ndo alama ya kwanza kwamba hili jiwe lilikuwa uji wa moto, likapoa, na chembe zikakua kwa pamoja mpaka nafasi ikaisha.

Na lilipoa taratibu sana. Lingetoka juu kama lava lingepoa haraka na chembe zisingeonekana kwa macho, lakini hili lilipoa chini huko, kilomita nyingi chini ya ardhi, limefunikwa na miamba mingine kama chungu cha ugali kilichofunikwa na blanketi, ndo maana feldispa nyingine mnazikuta zina ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Kwa hiyo ukisimama juu ya Bismarck Rock pale ziwani, lile jabali la kwenye picha zote za Mwanza, jua kwamba umesimama mahali palipokuwa chini kabisa, na milima yote iliyokuwa juu yake imeshaliwa na mvua na upepo, imekwenda. Umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hapo hakukuwa na samaki wala jani duniani, vilikuwepo vijidudu tu.

Watu hawakujua hivi toka mwanzo, na hii hadithi naipenda mno kwa hiyo mnivumilie. Karne ya 18 huko Ulaya kulikuwa na mwalimu mmoja mkubwa, Abraham Gottlob Werner, pale Freiberg Ujerumani, alifundisha kwamba miamba karibu yote, graniti ikiwemo, ilizaliwa baharini, yaani maji ya bahari ya kale yaliacha machicha yake na machicha yakawa jiwe, na wanafunzi wake walisambaa kila nchi wakifundisha hivyo. Akatokea Mskoti, James Hutton, akasema hapana, graniti ilikuwa kitu cha moto kilichoyeyuka. Mwaka 1785 akaenda bonde la Glen Tilt kutafuta ushahidi, akaukuta mtoni: mishipa ya graniti nyekundu imepenya ndani ya mwamba mweusi wa zamani, imeuchanachana, imejipenyeza kwenye kila ufa. Sasa fikiria, kitu kilichotuama taratibu chini ya maji kitapenyaje ndani ya jiwe lililokwisha kuwa gumu? Kinachopenya ni kilichoyeyuka. Hutton alipiga kelele za furaha mpaka wale waliompeleka wakadhani ameona mshipa wa dhahabu au fedha. Nyie watu wa kanda hii mnaijua hiyo kelele!

Ila Werner hakukosea kuhusu kila jiwe. Kosa lake lilikuwa kulichukua jibu moja akalibandika kwa wote. Maana hili jiwe la pili, hili la kwenye khanga, lenyewe kweli ni mtoto wa bahari.

Liangalieni. Hapa pembeni kuna umbo kama ua, mistari inatoka katikati kama spoku za baiskeli, hiyo ni nyumba ya mnyama. Matumbawe ni viumbe vidogo laini ambavyo huchuja kalsiamu kaboneti kwenye maji ya bahari wakajijengea mifupa, kizazi juu ya kizazi, na ndani ya miili yao wanaishi mwani wanaohitaji mwanga wa jua, ndo maana mwamba wa aina hii hujengeka kwenye maji ya kina kifupi, ya uvuguvugu, masafi. Kwa hiyo popote unapoliona jiwe hili, hata kama leo pameota mibuyu na watu wanafuga mbuzi, andika kwamba hapa palikuwa bahari ya kuogelea. Sehemu kubwa ya ule mwamba wa ukingoni mwa pwani yetu ya Kenya na Tanzania ulijengwa kama miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9 hivi. Alafu dunia ikapoa, barafu ikakusanya maji, bahari ikashuka, matumbawe yakabaki juu yamekufa, na mvua ikaanza kazi yake: inayeyusha kidogo hapa, inagandisha kidogo pale, mpaka mifupa ile iliyokuwa aragonaiti ikageuka kalsaiti, yote mawili ni kalsiamu kaboneti ile ile ila imejipanga tofauti, na kushikana. Hakuna moto hapo hata chembe. Hili jiwe halijawahi kuona joto zaidi ya la jua la saa saba.

Miaka 125,000 kwa bilioni 2.5, pigeni hesabu wenyewe, umri wa hili la mlimani ni mara 20,000 ya umri wa hili la pwani. Na cha ajabu saa inayowapima wote wawili ni ile ile, urani. Kwenye graniti kuna vipunje vidogo vya zirkoni, vilipoganda vilifungia urani ndani na urani inageuka polepole kuwa risasi, ile metali siyo ya bunduki, unahesabu risasi unapata umri. Kwenye matumbawe urani iliingia kutoka maji ya bahari, nayo ikianza kugeuka njiani inapita kwenye thoriamu, unahesabu thoriamu. Kwa hiyo saa ni moja, mmoja unamsomea dakika mwingine unamsomea karne.

Haya, tuje kwenye kuyapanga, kuyapa majina, maana hapa ndo watu wengi wanachanganya, hata wasomi. Shule ya msingi mlifundishwa mafungu matatu, mwamba moto, mwamba tabaka, mwamba geu, na hilo ni sawa, graniti ni mwamba moto na jiwe la matumbawe linaingia kwenye mwamba tabaka. Lakini ukishaingia ndani ya kila fungu, utaratibu wa kutoa majina haufanani na kuna sababu nzuri sana.

Graniti unaipa jina kwa kuhesabu nani wamo ndani. Kuna mchoro unatumika dunia nzima, ulisimamiwa na kamati ya Mswisi Albert Streckeisen miaka ya 1970, unasema hivi: weka pembeni madini meusi, angalia kwatsi na aina mbili za feldispa. Kwatsi ikiwa asilimia 20 mpaka 60 ya hivyo vitatu, uko kwenye ukoo wa graniti. Baada ya hapo unauliza feldispa, ile aina inayoitwa plajioklesi ikiwa asilimia 65 mpaka 90 ya feldispa zote basi hilo siyo graniti tena ni granodioraiti. Majabali ya hapa kwetu yana zote mbili, graniti na granodioraiti, na kwa macho ya mtu anayepita kwenye daladala huwezi kuzitofautisha. Na hapo hapo nitoe la moyoni: mkienda kwenye maduka ya mapambo ya jikoni mtauziwa kibao cheusi tii wanasema ni graniti nyeusi. Mara nyingi hiyo ni gabro, mwamba moto mwingine mweusi, au ndugu zake, haina kwatsi ya kuizungumzia, ni jiwe zuri tu na linadumu, lakini ukoo wake mwingine. Mteja akikuuliza usimdanganye.

Sasa jaribu utaratibu huo kwenye jiwe la matumbawe. Utahesabu nini? Ni kalsaiti, na kalsaiti, na kalsaiti. Mbegu ya aina moja gunia zima. Kuhesabu waliomo hakukuambii kitu, kwa hiyo Mmarekani mmoja, Robert Dunham, mwaka 1962 akauliza swali jingine: wamekaaje? Je, chembe zinaelea kwenye matope, au zinagusana zimejishikilia zenyewe, na kama zinagusana, kuna matope katikati au hayapo, au je, viumbe vyenyewe vilishikana toka siku vinaishi? Hii ya mwisho, walioshikana wakiwa hai, anaiita baundistoni, na ndo mwamba wa matumbawe halisi. Wakanada Embry na Klovan wakaja 1971 wakaongeza majina mengine kwa ajili ya miamba hii hii ya matumbawe yenye vipande vikubwa. Na mkienda kwenye machimbo ya pwani mtaona mwenyewe, ukuta mmoja wa shimo, hapa tumbawe zima limesimama vile vile lilivyoota, hatua mbili pembeni ni vipande vilivyovunjwa na mawimbi, mbele kidogo ni mchanga wa makombe ulioganda. Fundi wa zamani wa pwani hakumsoma Dunham ila alijua, anagonga na shoka anasikiliza mlio, hili la ukuta, hili la kuchoma chokaa, na kwa nakshi za mihrabu alikuwa anaenda kulikata baharini kabisa likiwa bichi, maana likiwa bichi ni laini linachongeka, likikaa nje linakuwa gumu. Ile misikiti ya Kilwa Kisiwani imesimama kwa ujuzi huo.

Graniti unauliza nani wamo. Matumbawe unauliza wamekaaje. Mkilishika hilo nyumbani mmefika na kitu.

Sasa nataka msumari na limao. Asante mwanangu.

Nakwaruza graniti, mnasikia? Msumari ndo unaoliwa, umeacha mstari wa chuma juu ya kwatsi kama kalamu. Nakwaruza hili la pwani, unga mweupe huo. Sasa nadondosha limao juu ya unga, sogeeni, nyamazeni kidogo, mnasikia hiyo chichichi? Vipovu hivyo ni kaboni daioksaidi inatoka, asidi ya limao inaila kalsaiti. Kwenye graniti nakamua limao zima hakuna kitu, limelowa tu. Kipimo cha shilingi mia hicho, na kinafanya kazi kwenye mchanga pia, mchanga wa ufukwe wa ziwa hapa ni kwatsi iliyobaki baada ya graniti kuoza, maana feldispa inageuka udongo wa mfinyanzi na kwatsi haiozi, lakini ule mchanga mweupe wa fukwe za mashariki ya Unguja ukiutia limao unachemka, ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Mchanga wa bahari una na chumvi juu yake, nondo zako zitaota kutu ndani ya zege huku mwenye nyumba bado anakusifia.

Na moto, hebu fikirieni moto. Hapa kwetu wapasuaji wanakoka moto juu ya jabali usiku kucha, asubuhi linaachia ganda, kwa sababu kwatsi na feldispa na ulanga kila mmoja anatanuka kwa kiasi chake, wanagombana ndani mpaka jiwe linapasuka, ila vipande ukiviangalia bado ni graniti ile ile. Pwani wanapanga magogo duara, wanajaza mawe juu, wanawasha, tanuu linafika joto la nyuzi 900 hivi na jiwe halipasuki tu, linabadilika kuwa kitu kingine, kaboni daioksaidi inatoka linabaki chokaa, unalimwagia maji linafoka lenyewe. Moto huo huo. Graniti ilizaliwa motoni kwa hiyo moto hauigeuzi kirahisi, na hili lingine bahari ilimpa pumzi, moto unaichukua. Na simenti unayoinunua inaanzia hapo hapo, Wazo Hill pale Dar wanachimba mwamba huu huu wa matumbawe.

Ndo turudi kwa mjomba. Ukuta wa matumbawe una matundu, unakunywa maji kutoka ardhini pamoja na chumvi, na siku zote ulikuwa unayatoa nje kupitia chokaa, maana chokaa ni mwili wake mwenyewe uliopita motoni, ina matundu kama yeye. Ukimpaka simenti kali umemziba pua. Maji yanarudi nyuma, chumvi inaganda nyuma ya lipu, inasukuma, inabandua na uso wa jiwe. Angekuwa amepiga vile kwenye msingi wa graniti ya Mwanza kisingetokea kitu, na ndo alikotoka, ndo maana namtetea, alikuwa fundi bora wa jiwe moto aliyekutana na jiwe bahari. Kwenye nyumba ya namna ile piga chokaa, iloweke muda mrefu, paka tabaka nyembamba, mwagia maji, subiri. Mwenye nyumba atalalamika unachelewa. Mwache alalamike.

La mwisho ni kwa nyinyi mtakaobaki hapa, na kwa kina mama mnaogonga kokoto, naona mko hapo nyuma na watoto wenu waliohitimu leo, ada mmelipa kwa nyundo. Vumbi la graniti siyo vumbi la kawaida. Ni kwatsi, ile iliyoshinda msumari. Ikiingia kwenye mapafu haiyeyuki, haitoki, mapafu yanajizungushia makovu, huo ugonjwa unaitwa silikosisi na haurudi nyuma, na mtu mwenye nao anashikwa na kifua kikuu kirahisi zaidi. Nina jirani yetu mtaani aligonga miaka mingi, akikohoa tunamsikia mpaka kwetu, alitibiwa kifua kikuu mara mbili na hakuna aliyewahi kumuuliza anafanya kazi gani. Vumbi la hili jiwe la pwani nalo siyo zuri, linakera macho na kifua, lakini likiwa safi lina kwatsi kidogo sana au halina. Kwa hiyo hapa Mwanza mawe mwagieni maji kabla ya kugonga na wakati wa kugonga, kaeni upande upepo unakotoka, watoto wachanga wasikae pale chini, na ukienda hospitali na kikohozi sema mwenyewe kabla hujaulizwa, sema dokta mimi nagonga mawe ya graniti.

Nimemaliza upande wangu. Mawe yote mawili nayaacha hapa mezani mpaka sherehe iishe, msumari upo, na limao limebaki nusu. Anayetaka aje akwaruze mwenyewe.